Yoga si Uyoga: Tujue Maana ya Neno Kabla ya Kulitamka

Siku mama yangu mzazi aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ninakwenda kwenye mazoezi ya yoga, aliniuliza uyoga huo ninauchuma wapi, hali mvua za mwaka ule zilikuwa hazijanyesha. Tulicheka sote. Lakini jioni moja, miezi mingi baadaye, kicheko kiligeuka kuwa swali zito.

Binti yangu, ambaye ana umri wa miaka tisa, alikuwa amelala chali juu ya mkeka, macho ameyafumba, akiniiga. Alisema kwa sauti, "Shavasana." Kisha akafumbua jicho moja akaniuliza, "Mama, shavasana maana yake nini?"

Nilimjibu kwamba ni kupumzika. Hakuridhika. "Ni lugha gani? Ni sala?"

Bibi yake, aliyekuwa akipeta mchele mlangoni, akauweka ungo chini. "Mjibu mwenzio," akasema. "Hata mimi nataka kujua mtoto huyu anasali kwa nani."

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nimelitamka neno hilo kila wiki, pamoja na mengine mengi, kama kasuku aliyefundishwa kusema "hodi" asijue mlango uko wapi. Nikaona haya. Mzazi anayempa mtoto chakula hujua alichokipika. Vipi nimpe mtoto maneno nisiyoyajua? Kuanzia jioni ile nikaanza kujifunza. Niliyoyapata ndiyo ninayokuletea leo, kwa sababu mazoezi haya yamekwisha ingia katika miji yetu, na pengine yamekwisha ingia nyumbani kwako.

LUGHA GANI HII?

Maneno ya yoga ni ya Kisanskriti, lugha kongwe ya Bara Hindi. Jina lenyewe, "samskrta", lina maana ya kitu kilichotengenezwa vyema kikakamilika. Sarufi yake iliandikwa na mtaalamu aitwaye Panini, miaka mia kadhaa kabla ya Kristo, kwa utaratibu ambao hata leo wanaisimu huustaajabia. Ni lugha ya vitabu vitakatifu vya Wahindu, lakini pia ni lugha ya mashairi, tamthilia, hesabu, elimu ya nyota na utabibu. Katiba ya India inaitaja miongoni mwa lugha 22 zilizoorodheshwa, ijapokuwa katika sensa ya mwaka 2011 watu wasiozidi 25,000 tu ndio waliosema kuwa ni lugha yao ya kwanza.

Usidhani, msomaji, kwamba lugha hiyo ni ngeni kabisa kinywani mwako. Unapotia sukari katika chai, unatumia neno lililotoka katika Kisanskriti "sharkara", ambalo hapo mwanzo lilikuwa na maana ya changarawe. Likapita kwa Waajemi na Waarabu ndipo likatufikia. Pilipili nayo imetokana na "pippali". Shilingi laki moja unazoziweka akiba zina asili yake katika "laksha". Wazee wanaocheza sataranji barazani wanacheza mchezo ambao Wahindi waliuita "chaturanga", yaani viungo vinne, kwa kuwa jeshi la kale lilikuwa na sehemu nne: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Utalikuta neno hilo hilo katika yoga. Mkao uitwao "chaturanga dandasana" ni wa mtu aliyenyooka kama fimbo, akishikiliwa na viungo vinne tu, mikono miwili na miguu miwili.

NIRA YA NG'OMBE

Neno "yoga" lenyewe limetoka katika mzizi "yuj", wenye maana ya kufunga pamoja, kama vile kuwafunga ng'ombe wawili katika nira ili wavute kwa nguvu moja. Nilipomweleza hivyo mama yangu, uso wake ulibadilika. Yeye alikulia Usukumani, na katika ujana wake amewaongoza ng'ombe wa plau shambani mwa baba yake. "Kumbe ni nira," akasema. "Basi hapo naelewa. Ng'ombe mmoja akienda huku na mwenzake kule, shamba halilimiki." Waliofundisha yoga tangu kale wasingeweza kulieleza jambo hilo vizuri zaidi. Mwili ni ng'ombe mmoja na fikira ni wa pili.

Mwalimu wa kale anayetajwa sana ni Patanjali, ambaye wataalamu wengi wanamweka katika karne za mwanzo Baada ya Kristo. Mafundisho yake yamekusanywa katika aya fupi fupi zipatazo 196, ziitwazo "sutra", neno lenye maana ya uzi. Aliigawa yoga katika viungo vinane, kuanzia adabu ya mtu na wenzake hadi utulivu mkuu wa moyo. Mikao ya mwili ni kiungo kimoja tu kati ya hivyo vinane, na aya zinazoizungumzia ni tatu tu. Wingi wa mikao tunayoiona leo ulikuja baadaye. Kitabu kiitwacho Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, kinaeleza mikao 15. Mwalimu B.K.S. Iyengar (1918–2014), katika kitabu chake Light on Yoga kilichotoka mwaka 1966, alionyesha mikao ipatayo 200, na aghalabu akaeleza maana ya kila jina kabla ya kueleza jinsi ya kuufanya mkao wenyewe. Jina ndilo somo la kwanza.

KUYAFUNGUA MANENO

Majina haya marefu yanatisha mpaka utakapogundua kwamba yameunganishwa kwa vipande. Sisi pia tunaunganisha: kifunguakinywa, kiinuamgongo, mwanamaji. Mgeni akilisikia neno "kiinuamgongo" kwa mara ya kwanza atababaika, lakini ukimkatia vipande ataona mgongo, ataona kuinua, na atacheka.

Kipande cha kwanza kukijua ni "asana", kinachokaa mwishoni mwa karibu kila jina. Kimetoka katika kitenzi chenye maana ya kukaa, na kwa Kiswahili twaweza kusema "mkao". Siri ya pili ni kwamba Kisanskriti hutanguliza sifa na kuliweka jina kuu mwisho, kinyume cha Kiswahili. Kwa hiyo tulisome jina kutoka nyuma kuja mbele. "Adho mukha shvanasana": asana ni mkao, shvana ni mbwa, mukha ni uso, adho ni chini. Mkao wa mbwa, uso chini. Umemwona mbwa akijinyoosha anapoamka, kifua amekiinamisha na kiuno amekiinua? Ndivyo unavyotakiwa kufanya. Ukibadili neno moja, ukasema "urdhva" badala ya "adho", uso unaelekea juu, na mwili nao hauna budi kufuata.

Hivi ndivyo vipande vinavyorudi mara kwa mara. Kwa viungo vya mwili: "pada" ni mguu, "hasta" ni mkono, "janu" ni goti, "shirsha" ni kichwa, na "anga" ni kiungo, wala si anga la mawingu. Kwa namna ya kukaa: "ardha" ni nusu, "supta" ni kulala, "baddha" ni kufungwa, "utthita" ni kunyooshwa, "parivritta" ni kuzungushwa. Kwa hesabu: "eka" ni moja, "dvi" ni mbili, "tri" ni tatu, "chatur" ni nne. Mtu mwenye vipande hivi anaweza kufumbua majina mengi asiyopata kuyasikia. "Janu shirshasana" ni goti na kichwa, na anayejua hivyo hahitaji kumtazama jirani yake ili ajue kichwa kinaelekezwa wapi.

Mingine ni mikao ya wanyama na vitu. "Matsya" ni samaki, "kurma" ni kobe, "ushtra" ni ngamia, "mayura" ni tausi, "vriksha" ni mti, "setu" ni daraja, "dhanu" ni upinde. "Hala" ni plau, na katika mkao huo mtu hulala chali akaipeleka miguu nyuma ya kichwa hadi vidole viguse chini, mfano wa plau inayozama udongoni. Binti yangu alifurahi kupita kiasi alipojua kwamba "kaka" ni kunguru. Kwa muda wa juma zima ndugu yake mkubwa hakuwa na amani.

Liko jina moja lililonifunza zaidi ya mengine. "Paschima" ni magharibi, na "paschimottanasana" ni mkao wa kunyoosha magharibi. Magharibi ya nini? Ya mwili. Mtu aliyesimama kulielekea jua linapochomoza, kifua chake kiko mashariki na mgongo wake uko magharibi. Basi mgongo ukaitwa magharibi. Mswahili hawezi kulishangaa jambo hilo, kwani sisi wenyewe tuliziita pande za dunia kwa pepo za bahari, kusini kwa kusi na kaskazini kwa kaskazi.

SIKIO LA MSWAHILI

Katika kuyatamka maneno haya, Mswahili ana bahati. Irabu zetu zinafanana sana na zao, na tumezoea silabi zinazokwisha kwa irabu. Hata kanuni zao za kuunganisha sauti hazitupigi chenga. Sisi tukikutanisha a na i tunapata e: "wa" na "ingi" huwa "wengi", "ma" na "ino" huwa "meno". Wao vilevile: "matsya" na "indra" huwa "matsyendra", yaani bwana wa samaki, jina la mwalimu mmoja wa kale.

Yako pia maneno yanayofanana kwa nasibu tu, nayo yanasaidia kumbukumbu. "Simha" ni simba, ingawa simba wetu ni wa asili ya Kibantu na hawana undugu. "Kona" kwao ni pembe, na sisi kona tumeipata kwa Waingereza. Kwa hiyo "trikonasana", mkao wa kona tatu, hauhitaji mkalimani.

Lakini tujihadhari na mitego mitatu. Kwanza, "dh" katika "samadhi" au "dhyana" si ile ya "dhahabu", wala "th" katika "hatha" si ile ya "thamani". Ni d na t zinazofuatwa na pumzi: "hat-ha". Wazee wa Mombasa, wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi hiyo hiyo, watalipata jambo hili upesi kuliko sisi wa bara. Pili, irabu nyingine ni ndefu. A ya kwanza ya "asana" ni kama ile ya "kaa", na kwa kuwa maana yake ni kukaa, hutaisahau. Tatu, mkazo wetu hupenda silabi ya pili kutoka mwisho, lakini katika majina haya mkazo hufuata irabu ndefu: tri-ko-NAA-sa-na.

VIKAPU VITATU

Sasa nirudi kwenye swali la mama yangu: mtoto anasali kwa nani? Sikutaka kumpoza kwa maneno matamu. Nilichukua daftari nikayagawa maneno katika vikapu vitatu, tukakaa naye tukayapitia moja moja.

Kikapu cha kwanza ni cha maneno ya mwili, wanyama, vitu na hesabu. Goti ni goti kwa Mwislamu, Mkristo, Mhindu na asiye na dini. Humo namo ndimo yanamoingia maneno ya pumzi: "puraka" kuvuta, "rechaka" kutoa, na "kumbhaka" kuishikilia, kutokana na "kumbha", yaani mtungi.

Kikapu cha pili ni cha visa. "Hanumanasana" hutupanulia miguu kama Hanuman alivyoruka bahari kwenda Lanka katika hadithi ya Ramayana. "Virabhadrasana" ni mkao wa shujaa Virabhadra, ambaye masimulizi yanasema alitokana na unywele wa Shiva, siku Shiva alipojaa ghadhabu kwa kifo cha mkewe Sati. Hivi ni visa vya dini ya watu. Anayevijua huviheshimu, na kuvijua si kuviamini.

Kikapu cha tatu ni cha ibada. "Om" ni sauti takatifu kwa Wahindu, Wabuddha na Wajaini. "Mantra" ni maneno matakatifu yanayokaririwa. Hapa nilimwambia mama yangu bila kuficha: haya ni ya ibada, na kila mtu ashauriane na dhamiri yake. Liko na neno linalosimama mpakani, nalo ni "namaste", yaani heshima kwako, au nakuinamia. Mama alifikiri kidogo, kisha akasema, "Na sisi si tunasema shikamoo? Nashika miguu. Nani ameisujudu miguu hiyo?" Akalihamisha mwenyewe kwenye kikapu cha kwanza.

WALIOGOMBANIA MANENO

Usidhani jambo hili ni la nyumba yangu peke yake. Mwaka 2008 baraza la fatwa la taifa nchini Malaysia liliwakataza Waislamu kufanya yoga. Baada ya siku chache waziri mkuu wa nchi hiyo akaeleza kwamba mazoezi ya mwili yanaruhusiwa, mradi pasiwe na ukariri wa maneno ya ibada. Saudi Arabia nayo iliitambua yoga kama mchezo mwaka 2017. Huko Marekani, jimbo la Alabama liliipiga yoga marufuku katika shule za umma mwaka 1993. Sheria ya mwaka 2021 ikairuhusu tena kwa masharti: mikao yote iitwe kwa majina ya Kiingereza tu, na salamu ya "namaste" isitamkwe.

Katika kipindi hicho hicho, Umoja wa Mataifa uliamua Desemba 2014 kwamba tarehe 21 Juni iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, na UNESCO ikaiweka yoga ya India katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu mwaka 2016.

Mimi nawaelewa wazazi wenye wasiwasi, kwa maana mmoja wao nakaa naye nyumba moja. Lakini kufuta majina yote hakumfundishi mtoto kitu. Goti limefutwa pamoja na sala, na mtoto ameachwa bila uwezo wa kuitambua ipi ni ipi. Vilevile anayeyakariri yote kwa kuwa yana ladha ya mbali hana tofauti naye. Wote wawili wameukwepa mzigo wa kujua. Na iko hasara ya tatu, nayo ni kuwanyima wenyewe, yaani watu wa India, heshima ya kuitwa kwa jina wanalojiita.

Tena maana ya neno hulinda mwili. Aliyejua kwamba "shirsha" ni kichwa, akisikia "shirshasana", atajua kwamba anaambiwa asimame kwa kichwa, na atakuwa na nafasi ya kukataa kabla miguu haijaondoka chini. Mwenye shinikizo la damu, mwenye glakoma, mja mzito au mwenye maumivu ya shingo hafai kujaribu mikao ya kichwa chini bila ushauri wa daktari. Na neno "ardha", nusu, ni ruhusa kamili ya kuishia katikati.

ANZA HIVI NYUMBANI

Chukua daftari. Kila juma andika maneno matatu tu: moja la mwili, moja la upande au namna ya kukaa, moja la mnyama. Litamke unapoufanya mkao wenyewe, kwani neno lililopita mwilini halisahauliki upesi. Watoto waulize wao wabuni majina: mkao wa paka umelala utakuwaje? Mwalimu wako muulize maana, na asipoijua, mwombe kwa adabu aitafute. Mwalimu mwema hakasiriki kwa hilo.

Nilikuwa bado na deni kwa binti yangu. Nilimwita nikamwambia ukweli: "shava" ni maiti, na "shavasana" ni mkao wa maiti, kwa sababu mtu hulala akauachia mwili wote, pasiwe na kiungo kinachojikaza. Alinitazama, kisha akamtazama bibi yake.

"Hilo silitaki," bibi akasema. "Katika nyumba hii mtoto hajilazi kama maiti. Alale kama mtoto."

Hatukubishana. Kwetu sisi mkao huo sasa tunauita mapumziko. Lakini binti yangu anajua neno la asili linasemaje, anajua kwa nini bibi yake amelikataa, na siku akiwa mkubwa ataamua mwenyewe. Juzi nilimkuta amelala chali, miguu ameipeleka nyuma ya kichwa, na bibi amesimama kando yake akimwelekeza.

"Hala," bibi alimwambia. "Zamisha zaidi. Plau haielei juu ya udongo."